Baiskeli ya Injini Ianze na Breki

Kila mara kijana wa huku mlimani anapofunga injini kwenye baiskeli, mambo huenda kwa njia ile ile. Jirani hurekodi kwa simu, injini inanguruma, kijana anauzunguka uwanja wa shule watoto wakimkimbilia nyuma, na kufikia jioni nusu ya Tetu yetu ya Nyeri imeiona video. Watu wanaandika kwamba serikali imsaidie. Kiongozi mmoja anaahidi kufika. Kisha habari zinapoa, na ukiuliza miezi michache baadaye unaambiwa chombo kiko uani mwa kituo cha polisi, au kimeegemezwa nyuma ya jiko, cheni imeshika kutu.

Mimi naona tunampongeza fundi huyu kwa hatua nyepesi kuliko zote. Kuifanya injini iwake na kuzungusha gurudumu kunahitaji akili na mkono, sikatai, lakini hiyo ni siku ya kwanza tu. Kazi yenyewe ni ya wiki na miezi inayofuata: kukirekebisha chombo mpaka kipande mwinuko bila kuzimika, kibebe mzigo bila kukata spoki, kishuke bila kuua injini, na zaidi ya yote kisimame pale mwendeshaji anapotaka kisimame. Kwa kazi hiyo hatuna swali tunalomuuliza fundi, hatuna mahali tunapompeleka, na sheria haijamwekea mlango wa kupitia. Ninaloomba ni mlango huo ufunguliwe, na kigezo cha kwanza cha kuupita kiwe breki.

Anayeijua Wamagana, hapa Tetu, hahitaji kuelezwa kwa nini nataja breki kabla ya injini. Mji wa Nyeri uko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo Tetu inazidi kupanda kuelekea msitu wa Aberdare: kahawa kwanza, kisha chai, kisha miti. Mito inayotoka msituni imeikata ardhi vipande vipande, hata kutoka kijiji kimoja kwenda cha pili mara nyingi ni kushuka mtoni na kupanda ng'ambo. Maisha ya mkulima yamo ndani ya safari hizo fupi. Maziwa yafike kituoni kabla lori halijaondoka. Majani chai yafike kwenye kituo cha kununulia kabla hayajanyauka. Msimu wa kahawa ukiingia, iliyochumwa leo ifikishwe kiwandani leo. Nepia ya ng'ombe iko upande wa pili wa mto. Ni kilomita mbili, tatu, nne, lakini kila moja ina jasho lake.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua mtu wa kilo 70, baiskeli ya kilo 30 pamoja na injini yake, na maziwa ya kilo 50. Jumla ni kilo 150. Kuupanda mwinuko wa asilimia 10, yaani mita moja juu kwa kila mita kumi za mwendo, kwa kasi ya kilomita 15 kwa saa, kunataka wati zaidi ya 600. Mtu mwenye afya anayepiga pedali saa nzima hutoa wati 100 hivi, labda 150. Ndiyo maana baiskeli zetu za mizigo huonekana zikisukumwa na mwenyewe akitembea kando yake. Sasa tazama injini ndogo ya Honda GX35, ya sentimita za ujazo 35 na ushei, inayofungwa kwenye mashine za kukatia nyasi: hutoa wati 1,000. Pengo kati ya miguu ya mtu na miinuko ya Tetu linazibwa na injini unayoweza kuibeba kwa mkono mmoja.

Najua nitaambiwa pikipiki zipo. Zipo, na zimewafaa watu wengi tangu serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008. Lakini pikipiki mpya ya kazi inapita shilingi 150,000, na vijana wengi wanaoiendesha hawaimiliki; jioni wanampelekea mwenyewe hesabu yake, au wanalipa mkopo usioisha. Mkulima wa ng'ombe wawili hana haja ya chombo cha kukimbia kilomita 90 kwa saa. Anamlipa bodaboda asubuhi na jioni, na malipo hayo yanaila pesa ya maziwa polepole. Baiskeli ya injini inaingia hasa katika nafasi hiyo: mzigo mwepesi, mwendo wa chini, na chombo ni mali ya anayekitumia. Tukumbuke pia kwamba bodaboda yenyewe ilianzia kwenye baiskeli, mpakani Busia, miaka ya 1960.

Fremu inayopendwa na mafundi ni ya baiskeli ya Black Mamba, kwa sababu chuma chake ni kizito, kariya yake imezoea magunia, na fundi yeyote wa kuchomelea anaimudu. Injini hutoka popote: msumeno wa kukatia miti, mashine ya nyasi, pampu ya maji, jenereta ndogo iliyokufa koili. Wengine hununua seti iliyotengenezwa China, ambayo huja na injini ya stroki mbili, tangi, kabureta, klachi, cheni na gia ya nyuma ya kufungwa kwenye spoki. Siku mbili tatu za spana na kuchomelea, na chombo kinawaka. Hapo ndipo video hurekodiwa, na hapo ndipo ufundi wenyewe unapaswa kuanza.

Anza na hewa. Kabureta za seti hizi kwa kawaida huwa na jeti inayofaa nchi za chini. Huku kwetu hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita, na kabureta haina namna ya kulijua hilo. Inamwaga petroli kana kwamba iko Likoni, huko huko Mombasa. Injini inazidiwa mafuta: inatoa moshi, mlio unakuwa mzito na wa kukatakata, nguvu zinapotea mwinukoni, plagi inatoka nyeusi tititi na imelowa. Fundi asiyelijua jambo hili hulaumu petroli, kisha koili, kisha injini nzima. Anayelijua hufungua kifuniko cha kabureta na kuitoa sindano nyembamba ya shaba inayoning'inia ndani. Kichwani mwake ina mifuo michache ya kushika klipu ndogo sana, ya kushikwa kwa ncha za koleo. Ukiipandisha klipu mfuo mmoja, sindano inazama zaidi ndani ya jeti, na petroli inayopita inapungua. Unafunga. Unaupanda mwinuko ule ule uliokushinda jana. Katikati ya mwinuko, injini ikiwa bado inasukuma, unaizima papo hapo, unashika klachi na kuegesha kando, unafungua plagi na kutazama rangi ya ncha yake. Nyeusi, punguza tena. Kahawia hafifu, acha hapo hapo. Nyeupe, rudisha haraka, kwa maana injini imekauka na pistoni itakwama.

Kazi hii ya kupanda, kuzima, kufungua na kutazama ndiyo inayomfanya mtu kuwa fundi wa injini. Hapo kijana anajifunza kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kuandika alichobadilisha, na kuamini anachokiona kwenye plagi kuliko anachokitamani moyoni. Nimewahi kuona daftari la shule, kurasa za nyuma, lenye safu za kalamu ya risasi: mfuo wa klipu, rangi ya plagi, mzigo, na kama mwinuko ulipandwa wote au nusu. Daftari la namna hiyo lina thamani kwangu kuliko video elfu.

Baada ya hewa, meno. Seti ya kawaida huja na gia ya nyuma ya meno 44 na ndogo ya mbele ya meno 10, mpangilio unaofaa barabara tambarare. Huku kwetu, ukifika kwenye mwinuko mzunguko wa injini unaanguka mpaka mahali ambapo haina nguvu, na mwendeshaji anaanza kuichezea klachi ili isizimike. Klachi inaungua. Dawa yake ni gia kubwa zaidi nyuma. Ukitoka meno 44 hadi 56, nguvu ya kupanda inaongezeka kwa zaidi ya robo, na kasi ya juu inapungua kwa karibu moja ya tano. Vijana wengi hawaipendi biashara hiyo, kwa sababu wanataka kasi. Mimi naipenda sana. Gia kubwa inakupa chombo kinachopanda vizuri na kisichoweza kukimbia sana, na hicho ndicho chombo cha Tetu.

Kisha kuna ile gia yenyewe inavyokaa. Katika seti hizi hushikwa kwenye spoki kwa vipande vya mpira na boliti tisa. Ukikaza boliti ya kwanza mpaka mwisho ndipo uende ya pili, gia inalala upande, na kila mzunguko cheni inavutwa na kulegea, inavutwa na kulegea, hadi siku inaporuka na kuingia kwenye spoki gurudumu likiwa katika mwendo. Boliti hukazwa kwa kuvuka, ya huku kisha ya kule, robo mzunguko kila mara, huku gurudumu limening'inizwa na kipande cha waya kimefungwa kwenye fremu karibu na meno. Unalizungusha gurudumu na kuangalia nafasi kati ya waya na meno. Nafasi ikibadilika, unalegeza na kuanza upya. Kazi hii inaweza kumaliza alasiri nzima. Usiifanye nusu.

Sasa tufike kwenye mteremko, ambako naona hatari ambayo hata mafundi wazuri huisahau. Mwenye pikipiki ya stroki nne amezoea kushuka akiwa ameachia mafuta, injini ikimsaidia kushika mwendo. Injini ya stroki mbili hupata oili yake kutoka kwenye petroli iliyochanganywa, haina njia nyingine. Ukishuka mteremko mrefu umefunga mafuta huku gurudumu linaizungusha injini kwa kasi, unaizungusha pistoni bila oili ya kutosha. Inaweza kukwama ukiwa katikati ya mteremko, na gurudumu la nyuma likakwama nalo. Kwa hiyo mwenye injini ya aina hii anapaswa kushika klachi na kushuka kwa breki peke yake. Na breki alizo nazo ni zipi? Ni zile za baiskeli, zilizoundwa kwa ajili ya mtu mmoja anayekwenda kilomita 15 kwa saa.

Rudi kwenye ile hesabu yetu ya kilo 150. Kuushuka mteremko wa asilimia 10 kwa kilomita 30 kwa saa bila kuongeza mwendo, breki zinatakiwa kuzima hadi wati 1,200 hivi mfululizo, tangu juu hadi mtoni. Ni joto la pasi ya umeme iliyofunguliwa mpaka mwisho, limeminywa kwenye vipande vya mpira vinavyotosha kiganjani. Na kasi ikipanda mara tatu, kutoka kilomita 15 hadi 45, nguvu ya mwendo ambayo breki zinapaswa kuimaliza inapanda mara tisa. Ongeza kwamba rimu za Black Mamba ni za chuma chenye kromu, na mvua ikizilowesha mpira unateleza tu. Nyeri ina asubuhi nyingi za manyunyu, hasa Juni hadi Agosti, na maziwa hupelekwa asubuhi.

Basi fundi aanzie hapo. Kabla hajanunua injini, abadilishe gurudumu la mbele. Breki ya ngoma kutoka kwenye pikipiki kuukuu inawezekana, na kwenye mitumba ya baiskeli kuna za diski. Uma wa mbele uongezewe nguvu, maana breki kali kwenye uma dhaifu inaukunja. Breki ya nyuma iwe na waya wake, ya mbele iwe na wake, ili mmoja ukikatika mwingine ubaki. Baada ya hapo apakie gunia na ashuke mtoni bila injini, kwa mwendo wa polepole kwanza. Chombo kikisimama vizuri na mzigo wake, kimestahili injini.

Ufundi wa nyumbani haukuanza jana katika tarafa hii. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alizaliwa Tetu mwaka 1920, na ni Tetu alikokamatwa Oktoba 1956. Wapiganaji waliokuwa naye msituni walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya mpira. Baadhi zilifanya kazi. Nyingine zilimpasukia mpigaji usoni, kwa sababu hakukuwa na karakana kamili ya kuzijaribu wala muda wa kutosha wa kurekebisha. Walikuwa vitani na walitumia walichokuwa nacho. Sisi hatuko vitani. Chuo kikuu chenye jina la Kimathi kiko hapa hapa Nyeri. Kilianza kama taasisi ya harambee miaka ya 1970, kikawa chuo kikuu kamili Desemba 2012, na kinafundisha uhandisi wa mitambo na mekatroniki. Kijana wa Wamagana kujaribu breki zake kwa mara ya kwanza kwenye barabara yenye watoto wa shule, na chuo hicho kiko jirani, ni jambo linaloniuma.

Tunapozungumzia kuunda magari nchini, huwa tunakumbuka mambo makubwa. Mwaka 1986 Rais Moi alikiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Magari matano ya Nyayo Pioneer yalikamilishwa na kuonyeshwa hadharani mwaka 1990, na kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikuja. Wahandisi wale walifanya kazi ya heshima. Lakini nchi nyingine zilianzia chini zaidi. Mwaka 1946, Japani ikiwa magofu, Soichiro Honda alipata injini ndogo zilizokuwa za kuendeshea jenereta za redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Tangi la kwanza alilolijaribu lilikuwa chupa ya maji ya moto ya kupashia kitanda. Injini zile, kama 500, zilipoisha, alibuni ya kwake mwaka 1947. Mwaka 1952 akatoa injini ya kufunga kwenye baiskeli iliyoitwa Cub, na mwenzake Takeo Fujisawa akawaandikia barua wauza baiskeli wa nchi nzima. Kampuni inayotuuzia leo injini za pampu na mashine za nyasi ilianza kwa jambo lile lile tunalolifungia uani mwa polisi.

Kuna mfano wa upande wa pili pia, na ni wa kutufikirisha. Baada ya Muungano wa Kisovieti kuanguka, Cuba ilikosa mafuta na vipuri, ikaagiza baiskeli zaidi ya milioni moja kutoka China. Watu wakazifunga injini za pampu, za misumeno na za kupulizia dawa ya mbu. Waliziita rikimbili. Sheria haikuwa na namna ya kuzisajili, kwa hiyo ziliendelea kuendeshwa kwa kujificha, polisi wakitokea zinakatiza vichochoroni. Ufundi ukakua, usalama haukukua, kwa kuwa hakuna anayepeleka kukaguliwa chombo ambacho akikionyesha ananyang'anywa.

Sisi tuko hapo hapo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inahesabu chombo chochote kinachoendeshwa kwa mashine barabarani kuwa gari, nacho kinatakiwa kusajiliwa, kuwa na bima na kuendeshwa na mwenye leseni. Usajili wenyewe umejengwa juu ya chombo kilichotoka kiwandani au bandarini na karatasi zake. Fremu iliyonunuliwa sokoni na injini iliyotolewa kwenye pampu havina karatasi hizo na havitakuwa nazo. Polisi anayeikamata baiskeli ya injini anatekeleza sheria iliyopo, na sina lawama naye. Lawama yangu ni kwa kukosekana kwa daraja la chini, kama walivyo nalo wenzetu wa Ulaya, ambako baiskeli inayosaidiwa na mota ya hadi wati 250, na msaada huo ukikatika kwenye kilomita 25 kwa saa, inahesabiwa kuwa baiskeli tu. Kwa miinuko yetu wati 250 ni chache. Kasi ya kilomita 25 inatutosha kabisa.

Ningependa kuona Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, ikiweka daraja la baiskeli ya mzigo yenye injini: injini isiyozidi sentimita za ujazo 50 au mota ya nguvu sawa na hiyo, kasi isiyozidi kilomita 25, hakuna abiria, hakuna barabara kuu. Kibali kitolewe kwa ukaguzi wa chombo chenyewe, wala kisidai karatasi za bandarini. Usajili ni kazi ya serikali ya kitaifa, lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini na trafiki ya barabara zao. Vyuo hivyo vilizaliwa kutokana na ripoti ya mwaka 1966 ya Baraza la Kikristo la Kenya, lililokuja kuitwa NCCK, iliyouliza watoto wanaomaliza shule ya msingi waende wapi. Jibu la wakati ule lilikuwa waende wakajifunze ufundi unaohitajika kijijini kwao. Sijui ufundi unaohitajika zaidi Tetu kuliko wa kupandisha maziwa mlimani. Karakana za vyuo zina vaisi, mashine za kuchomelea na walimu wanaojua kabureta. Zifunguliwe Jumamosi kwa fundi wa mtaani mwenye baiskeli yake. Na yule aliyejifunza mwenyewe nyuma ya jiko aelekezwe kwenye mtihani wa NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani), ambao hautaki cheti cha sekondari, ili ufundi wake uwe na karatasi hata kama chombo bado hakina.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la damu. Bodaboda zimetuachia wodi za majeruhi, na mzazi anayesikia habari za chombo kingine cha magurudumu mawili ana haki ya kuogopa. Jimbo la New South Wales, Australia, lilizipiga marufuku baiskeli za petroli mwaka 2014 baada ya watu kufa. Siuchukulii uamuzi ule kama kitu chepesi. Lakini zile zilikuwa baiskeli za kawaida zilizofungwa injini ya kukimbia, breki zikaachwa kama zilivyokuwa, na ndizo hizo hizo zitakazoenea huku tukiendelea kunyamaza. Vijana hawaachi kufunga injini kwa sababu hakuna kibali. Wanaacha tu kuonyesha.

Pingamizi la pili ni kwamba petroli imepitwa na wakati, twende umeme. Hapa nakubali zaidi ya nusu. Mota ya umeme haijui tofauti ya Nyeri na Mombasa, hewa nyepesi haiipunguzii nguvu. Haina moshi, haimwamshi mtoto wa jirani saa kumi na moja alfajiri. Umeme wetu kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo, na Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka VAT ya asilimia sifuri kwa baiskeli za umeme. Nikiulizwa na kijana anayeanza leo na ana pesa ya betri, nitamwambia aanze na umeme. Lakini betri nzuri ndiyo kipande cha gharama kubwa, na betri za kuunganisha kwa seli zilizotolewa kwenye kompyuta kuukuu zinaweza kushika moto ndani ya nyumba ya mbao. Huo nao ni ufundi unaotaka karakana na mwalimu. Na mota ikiwa ya umeme au injini ikiwa ya petroli, fremu ni ile ile, gunia ni lile lile, mteremko ni ule ule. Kijana aliyejifunza kulisimamisha gunia la kilo 50 kwa chombo cha petroli ameshajifunza nusu ya kazi ya umeme.

Mtihani wa kibali usifanyiwe uwanjani. Ufanyiwe kwenye mteremko halisi wa kwenda mtoni, asubuhi ya Julai, barabara ikiwa imelowa. Kwenye kariya pawe na mchanga wa kilo 50. Mwendeshaji ashuke kutoka juu kabisa ili breki zipate joto, afike chini akiwa na kilomita 25 kwa saa, na mkaguzi amwashirie asimame ndani ya mita 15. Akisimama mara tatu mfululizo, achorewe nambari kwenye fremu na aende zake na maziwa. Akishindwa, arudi karakanani siku hiyo hiyo na mwalimu wa chuo, afungue breki wazitazame pamoja, na asinyang'anywe chombo chake.